Lifti ya Pili, Mara ya Ishirini

Sajini Masunga aliingia chumba cha mitambo kwa magoti, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na msumari wa inchi nane ulikuwa umetokeza katikati ya vidole vyake.

"Funga," alisema.

Minza Lugembe, fundi mkuu wa milango ya Shimo la Nane, alisukuma mlango wa chuma kwa bega, akashusha komeo. Hakuwa na nguvu za kumnyanyua sajini, kwa hiyo alimburuta kwa mkanda hadi kwenye meza ya skrini, akamwegemeza ukutani.

"Wangapi?"

"Hamsini. Labda zaidi. Vijana wangu sita wamelala pale Lango Kuu, na hawataamka." Alitema damu kando, mbali na nyaya. "Lango lilifunguka lenyewe, Minza. Hawakuvunja chochote. Saa sita mchana, jua la kuua mtu, tumekaa kivulini tunajipepea, lango likasema karibu."

"Haliwezi kufunguka lenyewe."

"Basi nenda kaliambie."

Minza aliwasha skrini ya Lango Kuu. Milango yote miwili ilikuwa wazi kama kinywa cha mtu aliyelala. Kwenye sakafu walilala walinzi, mmoja amepigiliwa ukutani kwa bega, miguu yake bado ikitikisika. Watu wa Juu, wale wanaoishi nje kwenye jua, walikuwa wakipita juu ya miili, wamejifunga matambara usoni, mikononi wana bunduki za misumari zilizotumika zamani kufungia miamba. Mwanamume mmoja mrefu alikuwa amemshika kijana kwa kola. Kijana yule alivaa ovaroli ya mafundi.

"Magesa," Minza alisema.

"Alipanda juu kuangalia kwa nini lango limefunguka," alisema Masunga. "Nilimwambia arudi. Ninyi mafundi hamsikii."

Minza alikuwa ameshafungua msimbo wa Lango Kuu, ule alioutia saini yeye mwenyewe siku nne nyuma, na kosa lilimtazama kutoka mstari wa tisa.

Mji ule wa Shimo la Nane ulikuwa ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na milango yake iliandikwa na watu waliojifunza kazi kwa kuandika kurasa za mtandao. Ndiyo maana kila chumba kiliitwa ukurasa. Mtu akifika, huweka kiganja kwenye kioo, kiganja chenye uhai, damu inatembea. Mfumo ukimtambua humfungulia kikao kwa jina lake, kisha lifti humpeleka aliposema anakwenda. Akinyamaza, humpeleka Nyumbani, ukumbi mkubwa wa mita mia nne chini, walikoishi watu mia sita na kumi na wawili. Na yeyote aliyesimama naye ndani ya lifti huhesabiwa kuwa mgeni wake.

Asiyetambulika huelekezwa kwingine. Siku nne nyuma, akiandika upya mstari huo, Magesa aliuliza, "Dada, mgeni asiyejulikana nimwandikie nini?" Minza, bila kuinua kichwa kwenye bakuli lake la uji, akajibu, "Aende zake." Magesa akaandika PITA.

Kwao Minza, mtu akipiga hodi huambiwa pita, yaani ingia ndani, kiti kile pale. Ndivyo alivyoiandika amri hiyo kwenye kamusi ya mfumo miaka kumi na moja iliyopita: PITA, fungua. Magesa alikulia kando ya kizuizi cha barabara, baba yake akisimamia malori. Kwake pita ilikuwa neno la kupunga mkono: usisimame hapa, songa mbele, tuondokee. Kila mmoja alijua Kiswahili, na kila mmoja alikuwa sahihi kwao.

Kazi ya fundi mkuu ilikuwa kusoma kila mstari kabla ya kutia saini. Minza alitia saini.

"Umeona nini?" aliuliza Masunga.

"Neno moja."

"Neno moja limeua vijana wangu sita?"

"Ndiyo."

Alifuta neno, akaandika KATAA, akaagiza lango lipakie upya. Skrini ilimjibu kwamba kazi hiyo ingechukua robo saa. Wakati huohuo Lifti ya Pili iliwasha taa. Mwanamume mrefu alikuwa ameshika mkono wa Magesa na kuubandika kwenye kioo. Kioo kikawa kijani. Jina likatokea: MAGESA BWIRE, FUNDI. Watu kumi na mmoja waliingia lifti pamoja naye, wakijibana bega kwa bega.

UNAKWENDA WAPI? lifti iliuliza.

Magesa alifunga mdomo. Alidhani kunyamaza ni ushujaa. Mfumo ulisubiri sekunde tano, ukamwelekeza Nyumbani.

* * *

"Isimamishe," alisema Masunga.

"Kusimamisha lifti kunahitaji viganja viwili. Changu na cha Magesa."

"Funga mlango wa Nyumbani."

"Utamfungukia. Ana kikao halali."

"Minza, kule chini kuna wanangu."

"Najua waliko wanao. Ninyamazie."

Alibakiwa na kitu kimoja, na hicho alikijua kuliko mtu yeyote mjini. Aliweza kubadilisha maelekezo. Alifungua ukurasa wa Karakana, mita mia tatu na hamsini, lifti ikiwa haijaufikia. Akaandika: anayefika au kupita hapa, mpeleke Ghala. Akafungua ukurasa wa Ghala, mita mia na hamsini, akaandika: anayefika hapa, mpeleke Karakana.

Lifti ilifika Karakana. Mlango haukufunguka. Ilitikisika, ikaruka juu kwa nguvu zake zote, na kwenye kamera Minza aliona watu kumi na wawili wakianguka magoti kwa mkupuo mmoja. Ikafika Ghala. Mlango haukufunguka. Ikashuka kama jiwe, na wale waliokuwa wakiinuka wakaruka wakagonga vichwa kwenye dari. Bunduki moja ililia yenyewe. Msumari ulimwingia mtu wa nyuma kooni, naye akateleza polepole hadi sakafuni, jirani zake wakijaribu kumsogeza, lakini pa kusogea hapakuwepo.

Sajini Masunga alicheka, kisha akajuta kucheka kwa sababu ya tumbo. "Umewatia kwenye kinu."

"Mlango wa juu unasema nenda chini, wa chini unasema nenda juu. Hakuna anayesema ingia."

"Waache humo mpaka wazee."

Kwenye pembe ya skrini palikuwa na namba ndogo ambayo watu wachache waliwahi kuiona ikisonga. Ilisema NNE. Kisha TANO.

"Hawatazeeka," alisema. "Kikao kimoja kikielekezwa mara ishirini, mfumo hudhani milango imepata wazimu, hukata umeme. Kanuni hiyo ilitoka kwenye kurasa za mtandao za zamani. Kule ukurasa ulikataa kufunguka, basi, mtu akaenda kunywa chai. Aliyeileta huku hakufikiri kwamba kwenye ukurasa hakuna mtu anayening'inia."

"Kuna breki."

"Breki za Lifti ya Pili tulizing'oa mwaka juzi, tukatengenezea pampu ya maji."

Masunga aliitazama skrini, akamtazama Minza. Kila safari ilichukua sekunde ishirini.

"Na Magesa yumo," alisema.

"Yumo."

* * *

Sauti ya kwanza kutoka kwenye lifti ilikuwa ya yule mwanamume mrefu. Aliitwa Msumari, na mji mzima ulilijua jina hilo. Alikuwa amegundua kitufe cha kuongelea.

"Wewe uliyekaa kwenye mashine. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mwanamke. Vizuri. Mama, simamisha hili dude. Sisi hatuna vita na watoto wenu. Tunataka maji."

"Mmewapigilia walinzi wetu ukutani kwa ajili ya maji?"

"Miezi mitatu tulipiga hodi langoni kwenu kwa adabu. Lango lilitujibu vizuri sana, kwa sauti tamu: samahani, nendeni Kisima cha Tano. Tukaenda. Kisima cha Tano kimekauka tangu mwezi wa pili. Tukarudi, tukaambiwa samahani, nendeni Kisima cha Tano. Binti yangu nimemzika pale. Lango lenu linajua kuongea, halijui kuona."

Minza alijua kwamba ni kweli. Anwani ya Kisima cha Tano ilikuwa kwenye orodha ya mambo ya kubadilisha, ikisubiri kikao cha wazee. Namba ilisema NANE.

"Nikiwafungulia Nyumbani mtafanya nini?"

Msumari alifikiri, na hilo lilikuwa jibu. "Tutachukua nafasi zetu," alisema.

Lifti iligonga Karakana, ikapanda. Mtu alitapika. Msumari alimshika Magesa, akamkandamiza sakafuni kwa goti, akaweka mdomo wa bunduki juu ya kiatu chake, akafyatua. Ule msumari uliupita mguu ukaingia kwenye bamba la sakafu. Magesa alipiga ukelele mrefu uliofanya Masunga azibe masikio.

"Mkono wake nauhitaji," alisema Msumari. "Miguu anayo miwili. Mwambie, kijana. Mwambie asimamishe."

"Dada Minza." Magesa alikuwa akihema kama mbwa. "Dada, umetuzungusha, sivyo? Ghala na Karakana."

"Ndiyo, Magesa."

"Ni mara ya ngapi?"

Alitaka kudanganya. "Ya tisa."

Magesa alikuwa fundi. Alijua hesabu ya mwisho, alijua na habari ya breki, kwa sababu yeye ndiye aliyezing'oa.

"Nitoe," alisema.

Wale wengine hawakuelewa, maana lilikuwa neno la kazi. Kumtoa mtu ni kufunga kikao chake kabla ya wakati. Mfumo ungemsahau Magesa, ungeona lifti imebeba wageni watupu, na ungeirudisha Lango Kuu na kuifungua. Magesa angetoka hai, ametobolewa mguu. Na pale langoni walikuwepo arobaini wengine, na mkono wa Magesa ungewekwa tena kwenye kioo, safari hii kwa Lifti ya Kwanza, na yeye angekwisha kufundishwa kusema aendako.

"Lango linapakia," Minza alisema. "Bado dakika kumi na mbili."

"Nitoe, dada. Dakika kumi na mbili nitawachelewesha. Nitawadanganya."

Msumari alipiga wa pili, kwenye mguu ule mwingine. Magesa hakupiga ukelele. Alitoa sauti ndogo, kama mtoto anayeota.

"Atawachelewesha?" aliuliza Masunga kwa sauti ya chini.

Minza alitikisa kichwa. Hakuna mtu ambaye angeweza.

Namba ilisema KUMI NA MBILI. Ndani ya lifti watu walikuwa wameanza kupigana. Mmoja alijaribu kuchimba mlango kwa kisu. Lifti ilipogeuka, kisu kilimwingia jirani ubavuni, na jirani huyo akamrukia, wakang'atana. Sakafu ilikuwa imelowa na kila geuzo liliwatelezesha wote upande mmoja. Msumari peke yake alikuwa amesimama, ameshika chuma cha ukutani, akimtazama Minza kupitia kamera kama anayejua anatazamwa.

"Dada, nikuulize," alisema Magesa. "Ni ule mstari wangu, siyo? Wa mgeni."

"Ndiyo."

"PITA."

"Kwenye kamusi, PITA ni fungua."

"Sikujua. Naapa kwa baba yangu sikujua." Alilia kidogo, akajikaza. "Lakini uliusoma. Ulitia saini. Ulisema umesoma kazi yangu yote, nzuri."

Sajini Masunga alimtazama Minza. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, nilisoma, nami sikuona. Kijana angekufa akijua kwamba walikosea pamoja.

"Sikuisoma," alisema Minza. "Nilikuwa na njaa. Nikatia saini."

Namba ilisema KUMI NA TANO.

"Basi nitoe," alisema Magesa, na sasa sauti yake haikuwa ya kuomba, ilikuwa ya mtu anayedai chake. "Kosa ni lako."

Kitufe cha kumtoa mtu kilikuwa cheusi, upande wa kushoto wa meza, na kidole cha Minza kilikuwa juu yake. Hakujua kilifikaje pale. Alikuwa mwanamke aliyejifunza kazi peke yake, kwa taa ya betri, kutoka kwenye vitabu vilivyokosa majalada, na maisha yake yote aliamini kwamba aliyekosea ndiye anayelipa. Sasa aliyekosea alikuwa amekaa kwenye kiti, na anayelipa alikuwa amepigiliwa sakafuni.

"Minza." Midomo ya Masunga ilikuwa imegeuka rangi. "Mimi sikuamrishi. Sina nguvu ya kukuamrisha. Lakini nikifa leo nataka kufa nikijua kwamba wanangu hawajafunguliwa mlango."

"Nyamaza, Sajini."

"Nanyamaza. Nilikuwa nakuarifu tu."

KUMI NA SABA.

"Mama," aliita Msumari. Alikuwa ameanza kuelewa, kutokana na uso wa Magesa. "Kuna nini kwenye mwisho? Kijana huyu anahesabu nini?"

Alichuchumaa, akamshika Magesa shavuni, karibu kwa upole. "Unahesabu nini, mwanangu?"

"Nitoe, dada," alisema Magesa. "Nitoe. Mama yangu yuko chini peke yake."

KUMI NA NANE.

Minza aliondoa kidole kwenye kitufe. Akaweka mikono yote miwili mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyeambiwa asubiri barazani. Hakuzima sauti. Aliona kwamba hilo angalau alikuwa na wajibu wa kulibeba.

KUMI NA TISA. Lifti ilikuwa ikipanda. Msumari alisimama, akaelekeza bunduki kwenye kamera, akafyatua, na picha ikafa. Sauti ilibaki. Watu walikuwa wakihema. Kisha Magesa, kwa haraka, kama anayekumbuka kitu dukani:

"Nitoe."

Lifti ilifika Ghala. Namba ikasema ISHIRINI. Taa ya kijani ikazimika.

Kwa muda mfupi hakukuwa na sauti yoyote, hata ya injini. Kisha kamba ilianza kuimba kwenye gurudumu, na watu ndani wakaimba pamoja nayo, na sauti hiyo ilipita nyuma ya ukuta wa chumba cha mitambo, karibu kabisa, ikashuka. Sakafu ilipiga. Vumbi lilitoka darini likamwangukia Masunga kwenye nywele, na yeye hakulipangusa, kwa sababu alikuwa ameshakufa, macho wazi, uso umetulia.

Kwenye skrini jina bado lilikuwa kijani. MAGESA BWIRE, FUNDI. YUMO.

* * *

Minza alishuka Nyumbani kwa ngazi za chuma, baada ya lango kupakia na kujifunga. Watu wa Juu waliobaki walikuwa nje, kwenye jua, bila mkono wa kuwafungulia.

Alitarajia kilio. Alikuta kelele nyingine. Habari zilikuwa zimemtangulia, sauti zilizosikika kupitia shimo la lifti, lakini nusu nusu: kwamba lango lilifunguliwa na msimbo wa Magesa Bwire, na kwamba Magesa ndiye aliyewaleta kwenye lifti kwa mkono wake. Watu mia tatu walikuwa wamejikusanya karibu na majiko, na katikati yao alikuwepo Nyabise, mama yake Magesa, mjane wa miaka sitini na mbili. Kitenge chake kilikuwa kimechanwa. Sikio moja lilivuja damu. Mwanamume mmoja ambaye ndugu yake alikuwa mlinzi langoni alikuwa ameshika mwiko wa chuma wa kusongea ugali, na mwiko ulikuwa mwekundu.

"Mama wa msaliti!" mtu alipaza sauti.

Walipomwona Minza walimpisha. Mmoja alimpiga begani kwa furaha. "Fundi, umetuokoa. Umewapondaponda."

Minza alimnyang'anya yule mwanamume mwiko. Hakuubishania, alimtazama tu, naye akauachia.

"Magesa aliandika neno bila kujua maana yake kwenye kamusi yangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Kazi yangu ilikuwa kulisoma. Sikulisoma, nikatia saini kwamba nimesoma. Walinzi sita wamekufa kwa saini yangu, na Sajini Masunga wa saba. Magesa alikuwa ndani ya lifti. Nilijua yumo nilipoiacha ianguke. Ningeweza kumtoa."

Aliyempiga begani aliutazama mkono wake.

Nyabise alijiinua polepole, akajifunga kitenge kilichobaki, akaja mpaka mbele ya Minza. Alikuwa mfupi, ilimbidi kuinua uso.

"Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea, mama."

"Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Mara ngapi?"

Minza alikuwa amehesabu, kama alivyohesabu kila kitu siku ile.

"Mara sita."

Nyabise alimpiga kofi. Halikuwa kofi la mwanamke mzee. Lilimgeuza Minza uso. Mtu alitaka kuingilia, Minza akamzuia kwa mkono. Nyabise alimpiga la pili, na la tatu, akihesabu chini ya pumzi, la nne likapasua mdomo, la tano likaangukia juu ya damu. Kabla ya la sita alisimama kidogo kupumzika, mkono ukiwa juu, na Minza alimsubiri. Akalipiga.

Kisha Nyabise akaketi chini pale pale, mbele ya miguu ya fundi, na hakuna mtu hata mmoja kati ya watu wale mia tatu aliyejua amshike nani.